Shangazi na Vibarua Thelathini na Wawili Wasioondoka

Saa mbili na robo asubuhi, Shangazi anavuta kiti, anafuta miwani kwa ncha ya mtandio, kisha anaandika amri ya kuwaondoa vibarua ambao hata hajawaita. "Kwanza mlango wa kutokea," anasema, akicheka peke yake.

Vibarua hao si watu. Ni programu ndogo zinazogawana hesabu moja ndefu ndani ya kompyuta kubwa inayotumiwa na ofisi nzima ya utafiti wa afya. Hesabu ya kutwa nzima, vibarua kumi na sita huimaliza kabla ya chai.

Ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka ishirini alichapa fomu tu. Takwimu alifundishwa na bintiye ukubwani, mezani jikoni, vitunguu vikiungua.

Mwezi uliopita maji yalimfika shingoni. Ripoti yake ya uzito wa watoto ilitakiwa saa sita mchana, na ikichelewa, zahanati kumi na moja zingekosa maziwa ya lishe kwa miezi mitatu. Asubuhi hiyo kompyuta ikagoma. Fundi wa mitambo alipochungulia, alikuta vibarua arobaini na wanane wa Shangazi wamekalia nafasi yote bila kazi.

Jana yake alikuwa ameita vikundi vitatu vya vibarua kumi na sita na kuvipa jina moja. Jina likashika kikundi cha mwisho tu. Sasa alipoandika amri ya kufunga, iliondoa kumi na sita tu. Thelathini na wawili hawakuwa na wa kuwaamuru.

Fundi akataka kuzima kompyuta yote. Ndipo mtafiti wa chumba cha pili alipoingia mbio: vibarua wake walikuwa humo humo, siku ya tatu kazini, na kuizima kungefuta kila kitu. Orodha ya vibarua kwenye skrini iliwachanganya wote, wakitofautiana kwa saa ya kuanza na namba tu.

Wakakaa bega kwa bega. Shangazi akasoma namba, mtafiti akahakiki, fundi akawaondoa mmoja mmoja.

"Polepole, Shangazi," mtafiti alimwambia. "Ukikosea moja tu, umenimaliza."

"Mwanangu, hapa hata kupumua naogopa."

Saa tano kasorobo wa mwisho aliondoka. Hesabu ikakimbia, ripoti ikatumwa saa sita kasoro dakika nne. Shangazi alilia kwa furaha, kisha akazunguka dawati kwa dawati akiomba radhi. Fundi alimjibu kwamba kosa moja haliachi mke, ila la pili atamnyang'anya kibodi.

Zahanati zote kumi na moja zilipata maziwa.

Sasa Shangazi amepewa chumba cha kufundishia wachapaji fomu wenzake saba, kila Jumamosi. Somo la kwanza ni ile orodha ya namba thelathini na mbili, jina lake likiwa juu kabisa.

"Aibu ya nini?" anasema. "Waanzie kwenye kosa langu. Wakitaka kukosea, watafute la kwao jipya."