Projekta Yenye Batri ya Nguvu

Pale sokoni Kavimvira muuzaji aliniwekea projekta mbili mezani. Ya kwanza ilitoa picha safi sana, lakini bila umeme haiwaki. Ya pili picha yake ilikuwa hafifu kidogo, ila ilikuwa na batri ya nguvu, na ubavuni ilikuwa na tundu la kuchajia simu. Mtaani kwetu umeme huja unapotaka wenyewe, kwa hiyo nilichukua ya pili. Nilijiona mwerevu mno. Hata lile tundu nililisifia mbele ya jirani yetu, mama mwenye midomo mingi, asiyeficha neno.

Jumamosi jioni tulitundika shuka kwenye ukuta wa parsele, uani kwetu. Majirani walijaa, wakakaa kwa adabu. Kabla filamu haijaanza, yule mama akaniletea simu. "Papa, uniwekeye kidogo tu, iko karibu kuzima."

Kwetu huwezi kumnyima mtu chaji. Ni kama kumnyima maji ya kunywa. Nikachomeka. Mwingine akaleta yake, kisha mwingine akatoa mfukoni waya wenye vichwa vinne.

Shujaa wa filamu alikuwa bado anafunga viatu projekta ilipoishiwa chaji ikazimika. Hakuna aliyelalamika. Walichomoa simu zao, wakanishukuru kwa sinema nzuri, wakaenda.

Jumamosi iliyofuata yule mama alibisha hodi mapema, mikononi ana simu tatu na taa. "Papa, leo sinema inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," nikamjibu.

Walikuja wote, simu mkononi. Shuka sikulitundika, na hakuna aliyeuliza.