Usimwonee Haya Aliye Nyuma ya Boti

Nakumbuka alasiri moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nimeshika usukani kwa mikono miwili, jasho linanitiririka, na gari halijasogea hata hatua. Nyuma yangu, ndani ya maji, mkwe wangu Mzee Mbwana wa Mjambere alikuwa ameegemeza kifua kwenye boti akisukuma. Nilimwona kwenye kioo.

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Ujerumani. Sikupelekwa na mtu. Mchana nilifagia karakana za watu, jioni nikasoma, hata nikapata diploma ya ufundi wa magari. Nasema kwa kujivuna kidogo, na haki ninayo. Nilirudi na gari lenye mtambo ambao sidhani gari jingine Kisauni lilikuwa nao: gurudumu likianza kuzunguka bure, mtambo hulibana na kupunguza nguvu ya injini mpaka lishike tena. Taa ya manjano humeta, injini hukoroma kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mafundi wa mtaani walikuja kulitazama kama bibi harusi.

Basi mkwe alipotaka boti yake itolewe majini ikazibwe ubavu, nilijitolea mwenyewe. Tulikwenda diko moja, pale vyombo hupandishwa pwani, upande wa Shanzu, lenye mteremko wa saruji. Maji yalikuwa yakitoka, na saruji iliyobaki wazi ilijaa mwani mbichi. Tukaifunga boti kwenye trela, nikagusa mafuta. Taa ikameta, gari likatetemeka, lisiende.

"Kanyaga, Mjerumani!" akapiga kelele shemeji yangu Athumani, aliyesimama dirishani kwangu. "Ama huko Ulaya mafuta hukanyagwa kwa adabu?"

Watu wakacheka. "Izime hiyo taa yako," akaongeza, "uiache injini ifanye kazi!"

Nilijua kwamba nikiuzima mtambo na kukanyaga, magurudumu yatasaga mwani, gari litaserereka kinyumenyume, na trela litamlalia mzee. Nililijua hilo kama nijuavyo jina langu. Lakini kwetu boti ikitolewa, kila mwenye mkono husukuma, na mwenye boti hutangulia. Kumwambia aondoke ni kumwambia amezeeka. Na huyu alikuwa baba wa mke wangu, mtu ambaye hata tukila sikuthubutu kumtazama usoni.

Nikanyamaza, nikagusa mafuta tena. Gari likarudi nyuma kidogo tu, lakini kwenye kioo nikaona maji yamempanda mzee mpaka kwapani.

Hapo nikavuta breki ya mkono, nikamwambia Athumani atie mawe nyuma ya magurudumu, nikashuka mpaka majini na viatu vyangu vya ngozi.

"Baba," nikasema, "nakuomba utoke hapo."

"Nitoke niende wapi? Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

"Uje ukae garini. Magurudumu yanayovuta ni ya nyuma. Uzito wenu nautaka juu yake, si huku. Wallahi, sivuti mkiwa hapa."

Akajifuta maji usoni. Kisha akatoka, na wenzake waliokuwa wakisukuma naye wakamfuata. Wakajipakia, Athumani ndani ya buti la gari akilalamika kwamba amefanywa gunia.

Niliuacha mtambo ufanye kazi yake, nami nikabembeleza mafuta. Gari likapanda. Kabla hatujafika katikati likakanyaga mwani mzito, na mzigo wote ukatuvuta nyuma. Tukaserereka mpaka boti ikaingia tena majini, palepale aliposimama mkwe. Taa ikameta, injini ikakoroma, magurudumu yakashika. Tukapanda mpaka juu.

Mzee alishuka, akayatazama maji. Nami nilingoja shukrani, sikufichi.

"Ulikuwa wanitazama kwa kioo tangu mwanzo," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ukanyamaza kwa kunionea haya?"

Nikainamia viatu vyangu vilivyolowa.

"Basi siku nyingine nivunjie heshima mapema. Heshima yangu itaunganika. Huu mgongo, sina hakika."

Mwanangu, siku hizi mtambo ule umejaa magarini. Kwenye mchanga mkavu pengine utauzima, maana waweza kukunyima nguvu unapoihitaji. Kwenye saruji yenye utelezi uache, ukanyage pole, wala kelele za watu zisikuendeshee mguu. Hayo yamo vitabuni, na vitabu nimevisoma. Lakini kabla hujagusa mafuta, ondoa kila aliye nyuma ya trela, awe mtoto, awe mkweo, na umwondoe kwa sauti. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami kwa kumchelea mkwe kununa, nilikaribia kumlilia. Mtu akinuna utamwomba radhi kesho, maadamu kesho anayo.

Mola akujaalie mguu mwepesi na ulimi usiochelewa, na kila ukimaliza kupanda, ukigeuka, uwakute wote uliokuja nao. Amin.