Mabaki ya Damu Yangu

Watu wanaohesabu wagonjwa ni watu wenye adabu sana. Wanavaa vizuri, wanasalimia, wanasema "pole mama" kabla ya kukudunga sindano. Mimi nawachukia, na sitaki mtu aniambie kwamba chuki ni dhambi, maana kanisani nimeambiwa mara nyingi na bado sijapona.

Katikati ya miaka ya tisini, mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja na jikoni pale Kitengela. Yeye alikuwa karani katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River. Sote tulikuwa watu wa magharibi ya Kenya waliofuata mshahara. Kitengela haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa maduka machache kando ya barabara, malori ya kwenda Namanga, na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu na kubaki navyo. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza na nilijivunia kupita kiasi. Nilianza kuvaa gauni la wajawazito hata kabla tumbo halijaonekana.

Kliniki nilikwenda katika zahanati ya hapo karibu. Nesi alikuwa mama wa Kikamba, mkali, aliyetupanga kwenye benchi kama watoto wa nasari.

"Leta mkono," akaniambia. "Tunapima kaswende. Kila mama hapa anapimwa, usinitolee macho."

Damu ikaingia kwenye kichupa, kichupa kikaenda. Niliporudi kliniki mara iliyofuata akaniambia, "Kaswende hauna. Kunywa hizi tembe za kuongeza damu, na usikuwe mvivu, tembea tembea."

Nilirudi nyumbani kama mtu aliyepita mtihani. Nilijua vizuri kwamba ameniambia habari ya kaswende tu. Lakini nani aliyetenganisha magonjwa wakati ule? Sisi tulichukulia kwamba mtu akishaitazama damu yako, ameitazama yote. Mtu akiingia kwako kutafuta sindano iliyopotea, akakuta nyoka chini ya kitanda, atatoka akuambie tu kwamba sindano haipo?

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kila mahali na haukuwa na jina. Watu walisema "ule ugonjwa," au walisema tu "amekonda" na kukutazama. Pale kwenye ploti tulipopanga, wanawake waliufuatilia kwa macho: nani siku hizi anafunga mshipi tundu la mwisho, nani ametoka vipele, bibi ya nani amerudishwa kwao. Mwenye nyumba wetu ndiye aliyekuwa fundi wa hesabu hizo. Siku moja kwenye mfereji aliniambia mbele ya wenzangu, "Nyinyi watu wa huko kwenu ndio mmetuletea hii kitu."

"Yangu damu imepimwa na serikali," nikamjibu. "Yako imepimwa na nani?"

Akachukua ndoo yake na kuondoka. Nilifurahi wiki nzima.

Mtoto alizaliwa mvulana, mzito, mwenye sauti ya kudai haki yake. Nilimnyonyesha popote: kanisani, dukani, hata nikisubiri maji. Asubuhi alipita mama wa Kimaasai na mtungi wa maziwa mgongoni. "Sopa!" alinisalimu kwa lugha yake kutoka kwenye lango. "Leo utachukua?" Nami nilimwinulia mtoto na kumwambia, "Huyu ako na yake." Tulicheka, naye akaenda kwa wengine.

Kisha mtoto akaanza kuumwa. Mdomo ulijaa utando mweupe, tumbo likawa halishiki kitu, kikohozi hakikuondoka. Zahanati ile ile walisema ni meno. Mara nyingine walisema ni maji machafu, wakaniuliza kama huwa nachemsha. Nilichemsha maji mpaka kuta za jikoni zikatoa jasho. Alikufa akiwa ameanza kuniita mama, na kuita vitu vyote vingine mama pia, kuku na kijiko. Tulimpeleka kwetu kumzika. Huko mama mkwe alisimama karibu na kaburi akasema kwa sauti, ili asikose mtu wa kusikia, kwamba mwanamke anayeishi kando ya barabara ya malori huzaa watoto wa kuzika.

Tuliporudi Kitengela mume wangu aliketi kitandani akaniuliza, "Ni wewe?"

Nikamwambia damu yangu ilipimwa wakati wa mimba na ilikuwa sawa. Aliniamini. Aliniomba msamaha, tena akalia. Na kwa kuwa mimi nilikuwa sawa, naye akajihesabu kuwa yuko sawa, hakwenda kutafuta kipimo popote hata alipoanza kukohoa. Kikohozi kile tulikiita vumbi la saruji mpaka hakuna aliyeweza kuendelea kukiita hivyo. Yuko kule magharibi, kando ya mwanawe.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, vituo vya kupima vikafunguliwa hadi Kitengela, na mabango yakatundikwa njiani. Nilikwenda. Nilipewa jibu langu na msichana mdogo aliyejua kunyamaza kwa wakati wake, na huyo simchukii. Baadaye dawa za kupunguza makali zikapatikana, nikaanza kumeza, nikanenepa, nikaingia katika kikundi cha akina mama wenye virusi. Ndicho kikundi kilichoitwa siku moja kwenda Kajiado mjini kuhudhuria mkutano wa afya. Tulipewa fulana na soda, tukaketishwa nyuma ukumbini ili tupige makofi.

Msemaji alikuwa afisa kijana aliyetoka Nairobi. Alianza kwa methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha akazima taa na kuonyesha ukutani ramani ya wilaya yetu. Palikuwa na madoa mekundu. Ngong ilikuwa nalo, Kitengela ilikuwa nalo, Kajiado yenyewe ilikuwa nalo. Oltepesi haikuwa na kitu, na watu wa huko walioketi mbele yangu walianza kujipongeza, hadi afisa alipoeleza kwamba huko hakuna aliyekwenda kuchukua damu. Alianza na miaka ya zamani, akabonyeza, mwaka ukabadilika, doa likanenepa. Akabonyeza tena.

"Hapa ndipo tulianza kuona inapanda," akasema, akielekeza taa nyekundu kwenye Kitengela. Alikuwa na furaha ya mwindaji aliyeona nyayo. Mwaka ulioandikwa pale juu ulikuwa mwaka wa mimba yangu.

Nilisimama. Wakaniletea maikrofoni kwa haraka, wakidhani nataka kutoa ushuhuda.

"Daktari, hiyo miaka kulikuwa hakuna mahali pa kupima huku kwetu. Mlijuaje?"

"Swali nzuri sana, mama." Akaeleza bila kuharakisha. Damu ya kaswende ya mama wajawazito ilikuwa ikibaki kidogo kwenye vichupa. Waliondoa majina, wakavichanganya vichupa, wakayapima mabaki hayo virusi. Hata manesi wa zahanati hawakupata majibu. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyofuatiliwa kote duniani, akasema, na ilikuwa njia ya heshima, kwa sababu hakuna mama aliyeaibishwa.

"Na hao mama, nani aliwaambia?"

"Hatungeweza kuwaambia. Hatukujua damu ni ya nani. Na wakati huo dawa hazikuwa. Tungewaambia ndio iwe nini?"

Nilitaka kumrushia ile maikrofoni.

"Mimi ningempa mtoto maziwa ya ng'ombe, si yangu," nikasema. "Hii ni Kajiado. Ng'ombe ni wengi kuliko watu."

Ukumbi ukacheka. Yeye pia alicheka, akidhani namtania, kisha akaona uso wangu akaacha. Hakuona haya. Ningependa kuandika kwamba aliona haya, lakini alikuwa na jibu, na jibu lake walikuwa wamelikubali watu wenye vyeo kuliko yeye. Alishuka kutoka jukwaani, akaja mpaka karibu na viti vyetu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayetoa rambirambi.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini ujue damu yako haikupotea bure. Ilitusaidia kujua ugonjwa unaelekea wapi."

"Ulikuwa unaelekea kwa mtoto wangu," nikamwambia. "Na alikuwa bado hajazaliwa."