Mvuke Usiosikia Sumaku

Shangazi yangu amefagia jengo la fizikia miaka kumi na tisa, na wasomi wote mle humwita Mama Ufagio. Hawajui kwamba hafuti ubao kabla ya kuunakili nyuma ya karatasi za mitihani zilizotupwa na waliofeli. Anasema upande wa pili wa karatasi haujamkosea mtu.

Nafasi ya msaidizi wa maabara ilipotangazwa, akaomba. Mhadhiri alicheka mpaka tai yake ikaingia kwenye chai. Lakini tangazo halikudai cheti, ikabidi wamsaili. Siku hiyo aliniachia ndoo nje ya mlango. Kitasa kilikuwa kibovu, mlango ukabaki wazi kidogo, nikaona na kusikia yote.

"Haya, mama," mhadhiri alisema. "Kuna mwezi wa barafu unaotema mvuke kwenye nyufa zake. Sayari yake ni sumaku kubwa inayozunguka. Huo mvuke unakuwaje?"

"Mwanzoni unaelea tu, baba, unaizunguka sayari."

"Kosa! Sumaku inaunasa papo hapo."

"Mvuke mtupu hausikii sumaku. Mpaka mwanga wa jua uupokonye elektroni, upate chaji. Hapo ndipo sumaku inaukamata na kuukokota. Na mzigo ni mzigo: mzunguko wa uga wa sumaku pale unapungua kasi. Hata toroli inalijua hilo."

"Nani kakudanganya?"

Karatasi ikakunjuliwa. "Ubao wako, miaka saba iliyopita. Nimenakili hata ule mwezi wako uliofanana na kiazi."

"Hiyo ni michoro yako tu!"

"Basi geuza."

Mkuu wa idara, aliyekuwa akisinzia, ndiye aliyegeuza. Akasoma kwa sauti jibu la mwanafunzi: "Sumaku inaunasa papo hapo." Kisha wino mwekundu: "Sifuri. Bado hauna chaji!" Na saini ya mhadhiri, ndefu kama mkia wa kenge.

Nilicheka nikaipiga ndoo teke. Vyuo vyetu vimejaa wenye joho wanaosahau na wenye ufagio wanaokumbuka, na heshima yote tunalipa joho. Upuuzi mtupu!

Kazi alipewa. Koti jeupe linambana mabegani, halimbani mdomo. Jana, baada ya somo, mhadhiri alishika kifutio.

"Weka chini, baba," shangazi akamwambia. "Sijamaliza kunakili."

Akaweka.