Hema Langu Kwenye Njia ya Kiboko

Nimekosa mimi, na shetani simsingizii. Hata yeye angenionea huruma. Jina langu siliandiki, ingawa huko Nchelenge hawana haja nalo. Wao wananiita Bwana Hema.

Mimi ni mtu wa Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, mpishi wa mzungu mmoja wa Elisabethville. Kila kiangazi mzungu huyo na mkewe hupiga kambi ufukweni. Wanaogelea, wanalala juani kama samaki wa kukausha, wanarudi mjini wamebabuka na furaha tele. Mimi nikikaanga mayai yao nilisema moyoni: haya ndiyo maisha!

Nilikuwa nimeposa binti wa mvuvi huko Nchelenge, upande wa pili wa ziwa. Nimwite Mwape. Mila ya kwao ni kwamba mkwe ajenge nyumba hapo hapo kwa wakwe, ndipo apewe mke. Nikaomba konji, yaani likizo, nikapewa, ili nikajenge.

Kumbe bwana alikuwa amenunua hema jipya, na lile la zamani akanipa mimi. Akili ikaniruka! Kukata miti ya nini? Kukanyaga udongo ya nini? Nikavuka ziwa na hema langu, kiti cha kukunja, miwani ya jua na makopo ya sardini. Sardini! Nawapelekea watu wa Mweru samaki wa kopo!

Nikapata mahali pazuri ajabu, nyasi zimelala zenyewe, njia laini inateremka mpaka majini. Mwape akaja, mkono kiunoni.

"Toa ile hema. Hapo ni njia ya kiboko. Usiku anaenda kula, asubui anarudilia hapo mu mayi."

"Kiboko anaogopa hema."

"Nani alikuambia?"

"Patron, bwana wangu."

"Patron alizaliwa hapa?"

Nikacheka, nikavaa miwani. Kesho yake akaja kuniambia tena, akanikuta nimejilaza mchangani nangoja kubabuka. Jamani, na rangi yangu hii!

Baba yake naye akapita na nyavu begani.

"Mukwe, nyumba iko wapi?"

"Ni hii, batata," nikamwita baba kwa heshima ya kwao. "Nyumba ya sasa."

Akalishika hema kwa vidole viwili. "Hii ni nguo, mukwai," akasema kwa heshima zote, akaenda zake.

Siku chache baadaye, kukipambazuka, niliamka kwa sababu hema lilikuwa linatembea. Ndiyo, linatembea! Kiboko amerudi kutoka malishoni, amekuta turubai njiani, naye si mtu wa kuzunguka. Nikachomoka chini ya kitambaa nikiwa na chupi tu, mbio mpaka kwenye moshi wa kwanza niliouona.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kwa watu wale, mkwe hamtazami mama mkwe. Akimwona njiani anapinda porini, mpaka siku atakapofanyiwa sherehe ya kuingizwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimejificha vizuri tangu nifike. Asubuhi ile nilimkuta anatwanga muhogo, nikamkumbatia kwa nyuma nikipiga kelele, "Mama, unifiche!"

"Mayo ne!" akalia kumwita mama yake, akatupa mchi.

Kiboko aliingia majini na kamba zangu shingoni. Hata hakunitazama.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mkwe hakucheka, alijifungia ndani asile. Kesi ikakaa. Nikaomba radhi, nikatoa kuku, nikatoa na turubai lililobaki. Mzee akasema bado naweza kujenga. Nilidhani nimepona!

Mwape akanifuata kwenye mtumbwi nilipokuwa navuka kwenda kuleta shoka.

"Batata anasamehe. Mama atasamehe. Mi nilikuambia mara mbili," akasema. "Kama mutoto wetu alikuwa mu ile hema? Ungesikia mi, ao patron?"

Nikainama nikashika kamba ya mtumbwi. Aliningojea kidogo, halafu akaondoka, na uchumba ukaishia hapo. Nililia katikati ya ziwa, na mpiga kasia akajifanya haoni.

Kiangazi kilichopita bwana alitaka kupiga kambi Nchelenge. Pale ufukweni ipo sasa nyumba ya udongo yenye mlango hasa. Mbele yake lilikuwa limetandazwa turubai langu, lenye kiraka nilichokishona mwenyewe, muhogo wa watu unakauka juu yake. Mwape alikuwa anaugeuza, mtoto mgongoni.

Bwana akazipenda zile nyasi zilizolala. "Hapa panafaa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mwulize yule mama."

Mwape akatuonyesha mahali pa juu, mbali na njia. Tukahamia huko. Mimi nikawasha moto, nikakaanga mayai.

Vijana wenzangu mnaorudi na vitu vya mabwana zenu, nawasihi! Mchumba akikwambia ondoa hema, liondoe siku hiyo hiyo. Usifanye kama mimi, niliyemwamini patron kuhusu kiboko wa kwao Mwape, na leo yule mtoto mgongoni si wangu.