Kitabu cha Mbuzi Nilichokisahihisha

Nakumbuka Ijumaa moja mtaani Al Nahda, Dubai, mjukuu wangu, nilipopigiwa makofi kwa jambo ambalo nilistahili kuzabwa kibao. Nakusimulia kwa sababu jana uliniletea simu yako kwa mbwembwe, ukanionyesha vitabu walivyotunga wanafunzi wako na alama nyekundu ulizowatilia. Nikakuuliza wameandika habari gani. Ukanijibu, "Wengi wana makosa zaidi ya kumi, Babu." Mungu wangu! Nilitamani kukurushia kiatu. Lakini nyani haoni kundule, na mimi langu nilikwisha kuonyeshwa, kwa hiyo keti.

Siku hizo nilikuwa mlinzi wa ghala kule Dubai Investments Park. Kenya nilikuwa nimefundisha shule ya msingi, na ualimu ukikuingia haukutoki, hata ukivishwa sare ya ulinzi. Kila Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, niliwafundisha Kiingereza walinzi wenzangu, wahudumu wa hoteli na wasichana wa kazi za nyumbani, Wakenya na Waganda. Tulikutana sebuleni kwa Bi Salma, mjane wa Kizanzibari aliyeishi mji ule tangu ujana wake. Kiarabu alikisema kama maji. Kiingereza hakujua hata cha kuombea chumvi. Alitupa sebule, televisheni yake kubwa na chai ya maziwa, na malipo hakutaka kuyasikia.

Sarufi iliwatoa jasho watu wale, nami walinitoa roho. Nikapata programu ya simu ya kutengenezea vitabu: unaweka picha, unaandika sentensi mbili tatu, unarekodi sauti yako ukisoma, basi, una kitabu. Nikadhani nimepata dawa. Kumbe! Wiki ya kwanza mlinzi mwenye ndevu zake alimaliza saa nzima akimchagulia kipepeo rangi, sentensi hakuandika hata moja. Wiki ya pili wakaanza kugombania nani ana picha nzuri. Nilifoka mpaka Bi Salma akaja kuniuliza kama nimeumwa na nge.

Mwishowe nikawapa kazi moja kwa wote. Kila mtu atunge kitabu cha kurasa nane juu ya mnyama mmoja, asimulie anafanya nini kila siku. Nilikuwa na hila yangu, maana Kiingereza hutaka kitenzi kiongezewe herufi mwishoni ukisimulia habari za mwingine, na herufi ile walikuwa wakiisahau kama deni. Wasiofika darasani watume kwa simu, nikawaambia, na udhuru sitaki.

Ijumaa ile nikaviweka vitabu kwenye televisheni kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha Nabirye, Mganda aliyefanya kazi kwenye nyumba ya familia moja mtaa wa Mirdif. Alikuwa hajafika Ijumaa ya pili mfululizo, na jambo hilo lilikuwa limenichoma. Kitabu chake kilikuwa cha mbuzi, na herufi yangu hakuitia hata mahali pamoja. Kurasa nane zote! Na usomaji wenyewe sasa, sauti nzito ya kukwama kwama. Odhiambo, mlinzi mwenzangu, akasema, "Ticha, huyu amesoma na ugali mdomoni," darasa zima likaangua kicheko. Nami nikanogewa. Nikasimamisha kila ukurasa, nikazungushia kosa wekundu, nikaiga hata sauti yake. Wakanipigia makofi. Ndiyo makofi yenyewe niliyokutajia.

Bi Salma akatoka jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Hebu irudishe sauti hiyo," akasema.

Nikairudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa, wala hakuitazama picha.

"Anasema nini?"

"Bi Salma, huyu amesahau herufi ya mwisho kwenye kitenzi, nimewaeleza mara..."

"Sikukuuliza kakosea nini, mwalimu. Nakuuliza anasema nini."

Basi nikaanza kumfasiria kwa Kiswahili, kwa unyonge kidogo, maana nilikuwa nimekatizwa utamu. Mbuzi anaishi kwenye nyumba kubwa nyeupe. Mbuzi ana mwiba ndani ya taya. Mbuzi hali chakula siku tatu. Mwenye nyumba anasema kesho. Kesho inakuja, mwenye nyumba anasema kesho. Hapo, mwanangu, ulimi wangu ulianza kuwa mzito, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mimi mwenyewe kukisoma kitabu kile. Nilikuwa nimekipitia mara mbili nikihesabu vitenzi. Mbuzi anasikia moto kichwani usiku. Mbuzi hawezi kufungua mdomo. Ukurasa wa nane: mbuzi anangoja mtu. Odhiambo akainamia zulia.

"Mimi Kiingereza sikijui," akasema Bi Salma, "lakini mdomo huo haufunguki. Umevimba. Nyie watu wazima mmekaa hapa mnacheka nini?"

Nikampigia Nabirye, hakupokea. Nilikuwa na namba ya madam wake, yule mama mwenye nyumba, kwa kuwa alinipigia siku za mwanzo kuhakikisha darasa letu ni darasa kweli. Bi Salma akaninyang'anya simu, akafungua spika tusikie sote. Akaongea naye Kiarabu, kwa adabu kwanza, maamkizi marefu ya watoto na wazee. Kisha nikaona mkono wake umekunja kile kitambaa. Madam alisema ni jino tu, amempa vidonge, amelala, atampeleka kesho inshallah. Bi Salma akamwambia maneno ambayo baadaye alinifasiria: "Binti yangu, panda sasa hivi chumbani kwake umtazame, nami nakungoja hapa hapa kwenye simu." Tukangoja. Tukasikia mlango, halafu tukasikia madam akipiga ukelele wa kumwita dereva. Sikumchukia mama yule hata kidogo. Mwenye kesho nyingi si yeye peke yake, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Usaha ulikuwa umetoka kwenye jino ukashuka shingoni. Daktari alisema siku moja zaidi ingemziba pumzi. Nilikwenda hospitali siku ya tatu nikamkuta na mpira wa kupumulia shingoni, hawezi kusema. Nikaomba radhi, nikajikanyaga, nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi. Akachukua simu yake akaandika polepole, kisha akanigeuzia: "Wenzangu niliwaambia, wakasema vumilia. Madam ana kazi nyingi. Wewe kazi yako ni kusoma. Nilijua utaona."

Nilitoka nje nikalia kwenye maegesho ya magari, na sare yangu mwilini, watu wakipita.

Basi sikia, mwanangu, na usinikatize. Sisemi uache kusahihisha. Nabirye alirudi baada ya miezi miwili, na jambo la kwanza aliloniambia ni, "Sasa mwalimu, makosa yangu nionyeshe." Sarufi ni haki yake, hakuvuka bahari kuja kubembelezwa. Ninachosema ni kwamba kitabu cha mwanafunzi kisome mara ya kwanza bila kalamu. Weka sikio kwenye sauti aliyorekodi. Muulize, huyu mbuzi ni nani, na mwiba umeingia lini? Akikujibu ndipo uchukue wekundu wako. Hizo programu zenu za leo zinaonyesha makosa zenyewe, hata hazihitaji mwalimu. Kama nawe ni wa kuhesabu makosa tu, unakula mshahara wa nini?

Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, lakini si kila mgonjwa anaficha. Wengine wamekwisha kuandika, wakatuma, wakaambiwa wana makosa kumi na moja.

Nenda sasa, nimechoka. Mungu akupe wanafunzi wasumbufu wanaokuamini, akupe na masikio ya kuwastahili. Na siku utakapokosea kama mimi, akujalie awepo mtu mlangoni wa kukuuliza swali, kabla haijawa kilio.