Nauli ya Nanyokie

Ng'ombe wa Saning'o walikufa mmoja mmoja, polepole, kama wageni wanaoaga. Ukame ulipomaliza kazi yake, alibaki Nanyokie peke yake, mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda kulielekea jicho. Huyo alikuwa zawadi. Lemein, rafiki yake tangu wakiwa morani, alimpa akiwa bado ndama, na kama ilivyo desturi ya Wamaasai, tangu siku hiyo wawili hao hawakuitana tena kwa majina yao. Aliyetoa na aliyepokea wakawa na jina moja, linalotokana na ng'ombe aliyepita kati yao: Pakiteng. Wakiwa kwa simu, Pakiteng. Wakikasirikiana, bado Pakiteng.

Ili Nanyokie aishi, ilibidi anunuliwe nyasi. Kwa hiyo Saning'o, akikaribia miaka hamsini, alimwachia mkewe Rebecca boma lao nyuma ya Kisaju, akapanga chumba cha mabati Kitengela na kupata kazi ya kufagia godauni Nairobi. Mshahara ulikuwa mdogo. Kodi na unga viliumaliza kabla haujapata joto la mfuko. Kitu pekee alichoweza kupunguza ni nauli.

Akajifunza nauli kama alivyowahi kujifunza mawingu. Asubuhi hupanda pamoja na jua, adhuhuri hulala, jioni huamka tena, na tone la kwanza la mvua likigusa lami, huruka maradufu. Alitoka nyumbani kabla haijapanda. Jioni alikaa kwenye ukingo wa barabara karibu na steji, akiwatazama wenye pesa wakienda kwao, akingoja ishuke. Alichookoa alikiweka ndani ya soksi, na kila kilipotosha, Rebecca alinunua beli moja ya nyasi. Nanyokie akaishi. Akapata hata mimba, na nyumba nzima ikaanza kuongea juu ya maziwa.

Siku zake za kwanza mjini aliona gari limejaa, limebaki kiti kimoja tu, akafurahi na kulipa. Mara abiria wakaanza kushuka, mmoja mmoja, bila haraka, wakaingia gari la nyuma na kukaa vilevile, nyuso zikitazama mbele kama watu wenye safari. Akabaki karibu peke yake, ameshalipa.

"Hao si abiria, mzee," makanga alimwambia akicheka. Alikuwa kijana mpokea nauli anayeitwa Austin. "Hao ni wa kujaza gari. Watu hawapendi kupanda gari tupu."

Baadaye Austin alimwona akingoja pale ukingoni kila jioni, akamwonea huruma, au akaona faida. "Buda, kuja ukae dirishani. Uko na sura ya mtu anaenda mbali. Ukishanijazia magari, ya mwisho ukipanda, haulipi."

Hivyo Saning'o akawa abiria wa uongo. Jirani yake wa kiti alikuwa Muteti, Mkamba aliyeumia mgongo kwenye machimbo ya mawe ya Kitengela. "Mimi nimesafiri, ndugu yangu," Muteti alipenda kusema. "Leo tu nimepanda gari saba, na hata Bellevue hapo mbele sijaiona." Saning'o alicheka kila mara. Beli za nyasi zikawa mbili kwa wiki.

Jumamosi moja, kazi ikiisha saa saba mchana, Rebecca alipiga simu.

"Baba Naisula, Nanyokie anazaa. Tangu asubuhi. Miguu imetoka, kichwa hakionekani."

Saning'o alisimama. Alijua. "Kichwa kimegeukia nyuma. Usivute miguu, utamuua. Pakiteng yuko wapi?"

"Ameenda soko ya mbuzi Kajiado, simu imezima. Daktari wa mifugo naye anasema atakuja kesho. Kuja wewe. Wewe ndiye unajua kumgeuza." Kisha akaongeza: "Na usingoje hiyo gari yako ya bure."

Mkono wa Saning'o ulijulikana Kisaju yote. Mwembamba, mvumilivu, ulikuwa umegeuza ndama wengi gizani mwa matumbo ya mama zao. Alienda steji akikimbia. Na hapo, baada ya miezi mingi ya kuombewa makanisani, mvua ikaanguka.

"Kite mia mbili! Kite mia mbili hamsini!" Sauti ya Austin, akiita abiria wa Kitengela, ilipanda pamoja na maji.

Saning'o aliinama, akaigusa soksi. Pesa zilikuwepo, za beli moja. Akilipa hapa, na alipe tena hadi Kisaju, na pikipiki ya kuingia bomani, zimeisha. Nanyokie atazaa leo, halafu kesho atakula nini?

"Buda, mbona unanyeshewa?" Austin alimshika bega. "Ingia. Hizi mbili zijae tu, ya tatu ni yako. Na hii mvua, ni dakika."

Akaingia. Akakaa dirishani.

La kwanza lilijaa haraka, akashuka na kuingia la pili. La pili likakataa. Watu walisimama chini ya vibaraza, wakaitazama bei, wakaamua kungoja, kama yeye mwenyewe alivyozoea. Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Niko kwa gari."

"Imefika wapi?"

Nje ya dirisha, muuza miavuli alikuwa palepale. "Iko njiani," akasema.

"Sawa. Nimemwambia unakuja," Rebecca akasema, na Saning'o akaelewa kwamba aliyeambiwa ni ng'ombe.

Muteti alimtazama. Safari hii hakufanya mzaha. "Si ulipe uende, ndugu yangu?"

"Ya tatu ni yangu. Imebaki kidogo tu."

Ilibaki kidogo kwa muda mrefu. La tatu lilipoondoka, barabara ilikuwa imefurika, magari yamesimama hadi Mlolongo. Jua lilikuwa linazama aliposhuka kwenye pikipiki bomani.

Nanyokie alikuwa amelala ubavu kwenye tope, shingo imenyooka. Saning'o alivua shati, akapiga magoti, akaingiza mkono. Kichwa kilikuwa pale alipojua kingekuwa. Alikisukuma, akakigeuza, kikaja taratibu, kwa utiifu, na ndama akatoka mzima wa umbo, mtamba mwekundu kama mama yake, ameshapoa, bila pumzi. Nanyokie aligeuza jicho kumtafuta. Hakuinua kichwa tena.

Rebecca alikuwa amemshikia pembe. "Ulisema uko kwa gari," alisema.

"Nilikuwa kwa gari."

Rebecca aliiachilia pembe. Aliingia ndani kumtafutia maji ya kunawa. Saning'o alivua soksi, akazitoa noti. Zilikuwa zimelowa lakini nzima. Zilizopungua ni za kufika Kisaju na za pikipiki tu. Akaziweka juu ya nyasi zilizobaki, kisha akaziondoa, kwa kuwa hakujua ziwekwe wapi.

Asubuhi Lemein alikuja kwa miguu kutoka barabarani, habari akiwa amezipata njiani. Ardhi ilikuwa imelowa kila mahali, na baada ya siku chache majani yangechipuka, kijani, ya bure. Alisimama juu ya mzoga wa yule ng'ombe mwekundu, akiwa ameegemea fimbo yake. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Ni mvua ilikuzuia?"

"Ni mvua," Saning'o alisema.

"Mimi nilijua. Hungemwacha." Lemein akamshika mkono, ule mwembamba, akaushika kwa mikono yote miwili. Ndipo akakumbuka kwamba hawajasalimiana.

"Supa, Pakiteng."

Midomo ya Saning'o ilifunguka kujibu kwa jina lilelile, la ng'ombe aliyelala kati yao. Lemein alingoja, mkono akiwa bado ameushika.